"Mimi Niko Wapi Humu?"

*Maneno ya mwanakwaya anayeshughulikia kurekodi, siku ya Jubilei ya Fedha ya kwaya yetu*





Nimepewa dakika 15 nizungumze juu ya kwaya na kompyuta. Kamati iliniomba nieleze tulivyojifunza kutunga na kurekodi nyimbo zetu wenyewe nyumbani, ili vijana wanaotaka kuanza wapate pa kushika. Nitafanya hivyo. Lakini ndani ya habari hiyo kuna kosa nililomtendea mzee wetu mmoja wa besi, na siwezi kueleza moja nikaacha jingine. Mwenyewe amenipa ruhusa nilisimulie, mradi nisimtaje jina. Wengi mtamtambua tu. Msigeuze shingo kumtazama.

Nianze mbali kidogo. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Hati hiyo ilifungua mlango wa kuadhimisha Misa kwa lugha za watu na kuupa heshima muziki wa watu wenyewe. Siku 8 baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru. Wimbo wa taifa tuliouimba siku hiyo, tuni yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto. Watu watano walipewa kazi ya kuutengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza wimbo kutoka ng'ambo. Walitega sikio kwa kilichokuwa kinaimbwa nyumbani, wakakipangia sauti.

Na kabla ya hapo, mwaka 1958, kule Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walitoa Missa Luba. Sehemu kubwa ya Misa ile ilizaliwa watu wakiwa wanaimba. Noti ziliandikwa baadaye. Miaka mingi ikapita, na kwaya ya hapa kwetu Nairobi, Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga, nayo ikairekodi. Nataja haya kwa sababu wako wanaodhani kutunga na kurekodi ni mambo ya dunia yaliyoingia kanisani kwa dirisha. Yaliingia kwa mlango, mchana, na wazee wetu walikuwapo.

Sisi hapa tulilelewa na solfa. Solfa ilianzishwa Uingereza na mama mmoja aitwaye Sarah Glover, ikaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo. Hata asiyewahi kugusa kinanda aliweza kusoma d, r, m ubaoni akaimba. Ila tatizo letu mnalijua. Wimbo ulinakiliwa kwa mkono kutoka daftari hadi daftari. Huyu anaruka nukta, yule anasahau mstari wa chini ya herufi, na baada ya miaka mitano kila daftari lina wimbo wake. Mtunzi akihamia mashambani, anaondoka na daftari. Mtunzi akifariki, daftari linaenda pamoja na vitu vyake, na hakuna anayejua ni kitu gani. Tunao wimbo mmoja wa matoleo ambao leo hii hakuna hata mmoja wetu anayeikumbuka tena yake. Soprano tunayo, alto tunayo, besi tunayo. Tena imekwenda na wenyewe.

Kwenda kurekodi mjini nako kulikuwa na gharama yake. Studio hulipwa kwa saa, na kwaya ya watu 40 inahitaji saa nyingi, achilia mbali nauli. Ndipo tukachanga, tukanunua kompyuta kuukuu, maiki moja, na kile kidude cha kuunganisha maiki na kompyuta. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na meza, vikawekwa kwangu.

Sasa niwaambie vijana tulichojifunza.

Kwanza ni kuandika. Tunatumia programu iitwayo MuseScore, ambayo ni ya bure. Unaandika noti za sauti zote nne, unabonyeza, inakuchezea. Kwa mtunzi hii ni baraka. Zamani ungejua tu siku ya mazoezi kwamba alto na tena wanagongana katika mstari wa tatu, na watu 40 wanakusubiri urekebishe. Siku hizi unajua ukiwa peke yako, usiku, kabla hujaaibika.

Lakini mashine ina mambo mawili isiyoyajua. Haijui pumzi. Niliwahi kuwaandikia kina mama wa soprano mstari mrefu usio na mahali pa kuvuta hewa. Kompyuta iliuimba vizuri sana. Kina mama walifika katikati wakaniangalia tu. Tena haijui Kiswahili. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka noti ndefu ya juu pahali pasipostahili, neno linavunjika, na mara nyingine linageuka maana. Tamka "barabara" ukikaza "ba" ya pili, umesema njia ya magari. Kaza "ra" ya kwanza, umesema sawasawa kabisa. Mashine haiwezi kukuonya hapo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla hujaandika noti, soma maneno yako kwa sauti kama mtu anayeongea, usikie yanapanda wapi na kushuka wapi. Nusu ya tuni utaikuta tayari imo ndani ya maneno.

Pili ni kurekodi. Tulianza na programu ya Audacity, nayo ya bure, iliyotoka mwaka 2000. Kompyuta haihifadhi sauti kama chupa inavyohifadhi maji. Inaipima mara 44,100 kwa kila sekunde, inaandika tarakimu, kisha wakati wa kusikiliza inazigeuza kuwa sauti tena. Ukiimba kwa nguvu kupita kiwango chake, vilele vinakatwa, na sauti iliyokatwa hivyo hairudi, hata uwe fundi wa namna gani. Afadhali urekodi chini kidogo, utapandisha baadaye.

Vita vyetu vikubwa hata hivyo havikuwa na kompyuta. Vilikuwa na Mashimoni. Mnajua nyumba zetu. Juu ni mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha hakuna wimbo. Ukuta ni mmoja na jirani, na jirani ana redio. Treni inapita Kibera bila kuuliza kama tumefika kiitikio. Tuliangika mablanketi ukutani na mlangoni kupunguza mwangwi, tukangoja saa nane za usiku. Chaja nayo ilikuwa ikiingiza mvumo, kwa sababu stima ya Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde na mtetemo huo hujipenyeza ndani ya waya. Tukawa tunachomoa chaja na kutumia betri. Stima ikipotea katikati ya kazi, ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Mara mbili ilinitokea, mara ya tatu nikawa nimepata akili.

Kwa sababu chumba ni kidogo, niliwarekodi watu mmoja mmoja. Mwanakwaya anakuja, anavaa hedifoni, anasikia kinanda na mdundo wa kuhesabu, anaimba sehemu yake peke yake. Jirani yangu, ambaye alikuwa akisikia alto tu kupitia ukutani, aliniuliza mbona hawa kina mama wanakuja kwangu kuimba nusu nusu za wimbo.

Tatu ni kuchanganya sauti, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwenye kioo cha kompyuta, kila mwimbaji anaonekana kama mstari wake. Kando ya kila mstari kuna mahali pa kupandisha na kushusha sauti, na kitufe kidogo cha kuizima kabisa. Ukikaa mbele ya kioo hicho usiku, peke yako, unaanza kujiona mkubwa. Huyu punguza, yule ongeza. Tulikuwa tunatengeneza wimbo wa shukrani, huu huu mtakaousikia leo. Besi walikuwa wanne. Watatu walikuwa wamenyooka. Wa nne, mzee wetu, alikuwa anachelewa kidogo kuingia, sauti ina mikwaruzo, na mwishoni mwa mistari inalegea. Nilijaribu kuisogeza. Nilijaribu programu ya kunyoosha sauti, ikatoka kama mtu anayeimba ndani ya debe. Saa tisa usiku, macho yameniwia mazito, nikabonyeza kile kitufe kidogo. Wimbo ukawa safi. Nikalala.

Jumapili baada ya Misa, nikawachezea kwa simu, pale nje. Watu walipiga makofi, wengine wakaomba nitume papo hapo. Mzee akasubiri watu wapungue. Akaja, akainama karibu na simu, akausikiliza wote tena. Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, mimi niko wapi humu?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikamwambia, "Mzee, ni hii simu. Spika ndogo haziwezi kutoa sauti nzito." Na si uongo kwamba spika ya simu haina nguvu chini kule. Ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri. Akatikisa kichwa, akachukua kofia yake, akaenda.

Jumamosi hakuja mazoezi. Jumamosi iliyofuata pia hakuja. Tukaambiana ni magoti, ni mvua, ni ile njia ya kushuka mtoni yenye utelezi. Mimi nilijua si magoti.

Ilipita kama miezi miwili. Mwalimu wa kwaya akalalamika kwamba kiitikio cha rekodi yetu kina kitu hakikai sawa, besi wanaingia kama watu wanaosukumana mlangoni. Nikafungua faili tena. Nikausikiliza mstari mmoja mmoja, mwishowe nikauwasha ule niliouzima. Kabla hajaimba noti ya kwanza, nikasikia anavuta pumzi. Ndefu, ya kusikika. Nikaelewa. Miaka yote hii besi wetu hawamtazami mwongozaji pale mwanzo wa kiitikio. Wanaisikia pumzi ya mzee, na wao wanavuta, na wote wanaingia pamoja. Nilipowaweka mmoja mmoja na hedifoni, wale watatu hawakuwa na pumzi ya kufuata. Naye mzee alichelewa kwa sababu alivuta pumzi akangoja kusikia wenzake wakivuta, na hakukuwa na mtu. Kosa nililolisikia kwake nilikuwa nimelitengeneza mimi, kwa namna nilivyorekodi.

Nikaenda kwake jioni, na kompyuta ndani ya mfuko. Mama akanipa chai. Nikamwambia, "Mzee, si simu. Nilikuzima." Akasema, "Nilijua. Redio yangu ni ndogo kuliko simu yako, na kwaya zikiimba nawasikia besi."

Baadaye nilisoma nikaona mzee alikuwa sahihi hata kwa elimu ya sauti. Mtu akiimba noti yenye mitetemo 100 kwa sekunde, koo lake linatoa pia ya 200, ya 300, ya 400, zote kwa pamoja. Spika ndogo inaweza kushindwa kutoa ile ya 100, lakini inatoa zile za juu, na sikio kwa kuzisikia hizo linakamilisha lenyewe ile iliyokosekana. Besi hapotei kwenye simu kirahisi hivyo. Akipotea kabisa, kuna mtu amemwondoa.

Nikamvalisha hedifoni, nikamchezea mstari wake peke yake. Hakuwahi kujisikia hivyo maishani. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema, "Imechakaa." Nikasema, "Ndiyo, Mzee." Akanyamaza, kisha akaniambia neno nililolibeba hadi leo: "Kuna siku Mungu mwenyewe ataizima. Wewe usimtangulie."

Alinipa sharti moja la kurudi. Tuimbe pamoja, asimame pale anaposimama siku zote.

Tukaomba kanisa siku ya Jumamosi. Tukaazima maiki ya pili. Kwaya yote ikasimama kama inavyosimama Jumapili, na badala ya kuchanganya kwa kitufe tukachanganya kwa miguu. Soprano wakizidi, wanarudi hatua moja nyuma. Tena hawasikiki, wanasogea mbele. Tunarekodi dakika moja, tunasikiliza, tunasogezana tena. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo anayesimama mita tatu na nusu nyuma ya mwenzake anafika kwenye maiki akiwa amechelewa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwenye kioo unaona kucheleweshwa. Kwa sikio unasikia kanisa, unasikia watu wamesimama mahali.

Wimbo mliopewa leo ni ule wa mara ya saba. Katika ubeti wa pili, mkisikiliza vizuri, kuna treni. Mara ya nane treni haikuwapo, lakini kuimba hakukufikia ule wa saba. Mwalimu akaamua treni ibaki. Hata hivyo inapita hapa kila siku, nayo ni jirani. Na kabla ya kila kiitikio kuna pumzi. Nilikuwa na uwezo wa kuifuta. Ipo.

Vijana, haya basi ndiyo mnayopaswa kuondoka nayo. Pakua programu za bure, anza na ulicho nacho, hata simu. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Usiwe na nakala moja: weka moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, na moja mahali pengine kabisa, kwa mfano ofisi ya parokia, maana moto na mwizi havichagui. Rekodi watu pamoja kila inapowezekana. Ukilazimika kumrekodi mmoja mmoja, mpe asikilize mwenzake, usimpe mdundo mtupu. Na kabla ya kumzima mtu yeyote, jiulize kwanza kama kosa ni lake au ni la namna ulivyomweka. Kisha, kama bado unadhani hafai kusikika, mwambie usoni. Ukiona huwezi kumwambia, basi usibonyeze.

Kuna wanaouliza kama siku moja tutaweka rekodi hizi zipigwe wakati wa Misa, watu wakichoka. Hapana. Tayari mwaka 1958 Roma ilitoa maagizo yaliyokataza gramafoni na mashine za kurekodi katika liturujia, na nadhani sasa naelewa kwa nini. Mashine haina la kumshukuru Mungu. Kazi ya rekodi zetu ni nyingine: kufundisha wimbo, kuulinda usipotee, na kumfikia mgonjwa aliye nyumbani.

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza kwamba katika mwaka wa Jubilei kila mtu anarudi kwenye mali yake na kwa jamaa yake. Nasi tunayo mali iliyotawanyika. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, nitakuwa katika chumba cha katekesi na kompyuta na maiki mbili. Aliye na daftari la zamani alilete tulinakili. Asiye na daftari lakini anakumbuka sehemu, hata mistari miwili ya alto, aje aiimbe. Msiseme sauti imezeeka. Na kama kuna mtu hapa, awe wa Kibera, awe amehamia Kawangware au amerudi mashambani, anayeikumbuka tena ya ule wimbo wa matoleo, tafadhali asiondoke leo kabla hajaniona.

Mzee wetu atasimama pale pale, safu ya nyuma, karibu na mlango. Tukifika kwenye kiitikio, nyamazeni kidogo mumsikie akivuta pumzi.